Gurudumu Nililolikomboa kwa Jogoo

Nina umri wa miaka arobaini na mitatu. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mpanda, Mfipa kwa kabila na Mkatoliki kwa dini. Miaka sita ya ujana wangu niliitumia seminari, nikafundishwa Kilatini, jiometria na adabu ya kupima neno kabla ya kulitamka. Nayasema haya mwanzoni, wasomaji wenzangu, si kwa kujisifu. Nayasema ili mjue kwamba niliyoyafanya sikuyafanya kwa ujinga.

Wengi wanaoleta mikasa yao katika kurasa hizi huomba majina yabadilishwe. Mimi nimeomba kinyume chake. Jina langu liacheni, halina kazi tena. Lakini jina la Maganga lichapwe kama lilivyo, kwa sababu ni kwa ajili ya jina hilo nimeshika kalamu.

Mke wangu, Leonsia, ni binti wa wakulima wa mpunga wa Mpimbwe. Tulikaa katika ndoa miaka tisa bila mtoto... Miaka tisa! Nani kati yenu asiyeyajua maneno ambayo mwanamke wa namna hiyo huyasikia kisimani, kanisani, hata mezani kwake mwenyewe? Mama yangu mzazi aliwahi kuniuliza, Leonsia akiwa amesimama hapo hapo na sahani mkononi, kama shamba lisiloota halibadilishwi. Leonsia aliweka sahani chini, akamkaribisha chakula.

Mwaka wa kumi Mungu akatukumbuka. Leonsia akashika mimba.

Furaha yetu ilidumu miezi sita. Mwezi wa sita miguu yake ikavimba, kichwa kikawa kinamuuma hadi macho yakapata giza. Mganga wa zahanati alimpima, akampima tena, kisha akakunja uso. Alituambia kwamba jambo hilo limemzidi. Ilikuwa lazima Leonsia aonwe na daktari katika hospitali ya misheni iliyo upande wa ziwa, naye daktari huyo aliwaona wajawazito wa namna hiyo siku moja tu kwa mwezi.

Tungefikaje? Lori lililokwenda huko lilipita lilipotaka. Mwezi ule tulilisubiri barabarani tangu alfajiri hadi jua kali, na mizigo yetu magotini, tukarudi nyumbani. Mwezi uliofuata haukuwa wa kubahatisha tena. Ndipo nikaazimia kutengeneza baiskeli ya injini.

Msinicheke. Nilikuwa na baiskeli nzito ya Kiingereza, fremu yake ngumu kama reli. Nilikuwa nimepata injini ndogo iliyotolewa katika pampu ya maji, miongoni mwa vyuma vilivyobaki kwenye mgodi wa zamani. Nilichora kila kitu kwenye daftari: mahali pa kuifunga injini, urefu wa mkanda wa kuzungusha gurudumu la nyuma, uzito wangu, uzito wa Leonsia, uzito wa injini na petroli. Kwa injini sikuwa na shaka. Shaka ilikuwa kwenye kusimama.

Breki za raba zinazobana rimu hazikufaa kwa uzito ule, hasa kwenye vumbi letu. Nilitaka breki ya ngoma, ile inayofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu, ambayo viatu vyake viwili hutanuka na kuibana ngoma kwa ndani. Na mtu mmoja tu Mpanda nzima alikuwa na vitu kama hivyo: Maganga.

Maganga alikuwa fundi wa baiskeli pale Kashaulili, karibu na soko, chini ya paa la bati lililojaa matundu. Ni Mnyamwezi wa upande wa Tabora, amenizidi miaka minne au mitano. Mimi Mfipa, yeye Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani. Wasomaji ambao makabila yao hayana utani naomba mnielewe hapa, maana mkasa wangu wote umejengwa juu ya jambo hili. Mtani akikutukana hukasiriki. Akikunyang'anya kitu chako huendi kushtaki; unakikomboa kwa kile atakachotaja, naye akishakula ukombozi wake, hawezi kukizuia tena. Ndivyo babu zetu walivyokubaliana, na ndivyo tulivyoishi.

"Mfipa!" alinipokea siku ile kwa sauti iliyosikika hadi kwa wauza dagaa. "Leo umekuja na radi yako au umeiacha nyumbani?"

"Nimeiacha imlinde mke wangu," nikamjibu. "Na wewe mpagazi, umeshautua mzigo wa babu yako, au bado uko nao kichwani?"

Watu wakacheka, maana Wafipa husingiziwa kurusha radi, na Wanyamwezi hukumbushwa babu zao waliobeba mizigo ya misafara. Kisha tukaingia kazini, naye akaweka mbele yangu vitovu viwili.

Kitovu cha kwanza kilitoka kwenye pikipiki ndogo iliyokufa. Kilikuwa kikubwa, kizito, kimeshika kutu kwa nje, lakini viatu vyake vilikuwa vinene na ngoma yake imekwenda sawa. Kilikuwa na matundu thelathini na sita ya spoki, tena spoki nene. Kitovu cha pili kilikuwa cha baiskeli, kidogo, kinang'aa kama kikombe cha misa, na matundu yake yalikuwa arobaini.

Nilitoa rula yangu. Ngoma ya kwanza ilikuwa na upana wa sentimita kumi na nne, ya pili sentimita tisa. Rimu yangu ilikuwa na matundu arobaini.

Mnaona mtego ulipokuwa? Kitovu kidogo kingeingia katika rimu yangu siku ileile. Kitovu kikubwa kilihitaji rimu nyingine yenye matundu thelathini na sita, na spoki nene, na vitu hivyo Maganga alikuwa ameviagiza Tabora. Vingekuja kwa treni. Lini? Pengine wiki ile, pengine wiki mbili. Na siku ya daktari ilikuwa imebaki siku nane.

Maganga alikishika kile kidogo kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika mkia wa panya. "Hiki kinamsimamisha Mfipa mmoja akienda kununua chumvi," alisema. "Mfipa na mkewe na injini na mavyungu yake ya uchawi... hakisimamishi. Subiri treni, Mwalimu."

Nilicheka. Nilimwambia kwamba Mnyamwezi hujua kubeba tu, kusimama hajawahi kufundishwa. Nikamwamuru asuke gurudumu kwa kitovu kidogo.

Akalisuka. Kazi yake, Mungu ni shahidi, ilikuwa safi: kila spoki ilitoa mlio mmoja ukiigonga. Nilifunga gunia la mahindi kwenye keria, nikaenda uwanja wa mpira, nikakimbiza baiskeli na kubana breki. Ilisimama ndani ya hatua tano! Nilirudia mara sita, nikaandika kila jaribio daftarini. Nilirudi nikamwonyesha Maganga hesabu zangu kwa fahari.

"Uwanja wa mpira una mteremko?" akaniuliza.

Nikamtukana kwa utani. Nilimwachia gurudumu ili alikaze spoki kwa mara ya mwisho, nikaenda zangu.

Nilipokwenda kulichukua, siku mbili kabla ya safari, gurudumu halikuwa chini. Maganga alikuwa amelining'iniza juu kabisa kwenye boriti ya kibanda, amelifunga kwa mnyororo.

"Nimeliteka!" alitangaza. "Enyi watu, njooni mshuhudie! Nimeteka gurudumu la Mfipa. Alikomboe."

"Unataka nini, mpagazi?"

"Jogoo. Mwekundu. Asiwe na unyoya mweupe hata mmoja."

Umati ulishangilia. Mimi nami nilishangilia moyoni, kwa sababu mchezo huo niliujua. Nilizunguka nyumba kwa nyumba asubuhi nzima, nikampata jogoo mwekundu, nikampeleka. Maganga alimgeuza, akampekua chini ya mbawa akitafuta unyoya mweupe. Alitafuta kwa muda mrefu kupita kawaida. Hakuuona. Akasema jogoo peke yake ni mkavu, anataka na kibuyu cha asali. Nikaenda kwa Mkonongo mmoja mrina asali, nikaleta asali. Maganga alichovya kidole, akalamba. Watu wakaanza kupiga kelele, "Ameshalamba! Ameshalamba! Mpe gurudumu lake!"

Alipanda kwenye kiti, akafungua mnyororo, akashuka na gurudumu kifuani. Hakunipa mara moja. Alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, leo sikutanii."

Wote waliomsikia wakaangua kicheko! Maana hayo ndiyo maneno ambayo kila mtani huyasema anapotania zaidi. Mzee mmoja alicheka hadi akashika ubavu.

Lakini mimi nilikuwa karibu kuliko wote. Niliyaona macho yake. Hayakuwa yakicheka... Wasomaji wenzangu, muda wote huu ningeweza kujitetea kwamba nilidhani ni utani. Utetezi huo ni mzuri, na kila mtu wa kwetu angeukubali. Ila si kweli. Nilijua. Nilijua kwamba mtu huyu alikuwa ametafuta kila njia ya kunichelewesha bila kunivunjia heshima mbele za watu, na kwamba sasa njia zimemwishia. Nililichukua gurudumu, nikasema, "Kamle jogoo wako, mpagazi," nikaondoka katikati ya vicheko.

Kwa nini? Nimejiuliza mara ngapi! Kwa sababu ya siku ya daktari, ndiyo. Lakini pia kwa sababu ya daftari langu. Mtu aliyesoma jiometria angekubalije kwamba fundi asiyejua kuandika ameona kitu ambacho yeye hakukiona?

Asubuhi ya safari Leonsia alikuwa tayari. Amefunga kanga mbili, amebeba kifurushi cha nguo za mtoto, maana mwanamke anayekwenda hospitali katika hali ile hajui atarudi lini. Nilikuwa nimeweka mto wa sufi kwenye keria. Aliitazama baiskeli kwa muda, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Maganga ameikubali?"

Mke wangu alimwamini Maganga katika mambo ya magurudumu kama alivyomwamini padre katika mambo ya sakramenti. Alijua anatania kwa maneno na hatanii kwa mikono.

"Ameikubali," nikasema.

Neno moja! Lilinitoka laini, bila kukwama popote. Leonsia akapanda.

Mwanzo wa safari ulikuwa mwema. Injini iliguruma, watu walitoka nje kututazama, na Leonsia alicheka mgongoni kwangu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Tulipita Kasekese, wanawake wakatupungia mikono kutoka mashambani. Nikajiona nimewashinda wote: lori, treni ya Tabora, na Maganga.

Kisha ardhi ikaanza kushuka.

Barabara ile hushuka kuelekea ziwani kwa miteremko mirefu katikati ya miombo, mmoja ukiisha mwingine unapokea. Kwenye mteremko wa kwanza nilizima injini na kulegeza mkanda ili kuokoa petroli. Hivyo uzito wetu wote ukawa umeshikwa na kitovu kile cha sentimita tisa. Nilibana breki, ikashika. Niliendelea kubana, kwa sababu mteremko haukuisha. Tulipofika chini nilisikia harufu, kama ya kwato inayochomwa.

Kwenye mteremko wa pili mkono wa breki ulianza kulegea. Niliubana, ukaja karibu zaidi na usukani. Niliubana tena, ukagusa usukani... na baiskeli ikaongeza mwendo! Nilibana breki ya mbele. Raba zikalia, zikanuka, zikateleza juu ya vumbi la rimu.

"Mwalimu," Leonsia akaniita. "Breki zipo?"

"Zipo."

Ulikuwa uongo wa pili kwa asubuhi moja.

Mbele yetu barabara ilikata kona, na baada ya kona kulikuwa na daraja la magogo lisilo na ukingo. Nilijua kwamba kwa mwendo ule hatungelipita. Upande wa kulia kulikuwa na tuta la udongo lenye nyasi ndefu. Nilimpigia Leonsia kelele anishike kiunoni, nikaelekeza gurudumu kwenye tuta.

Tulilipanda tuta. Baiskeli ikapinduka. Mimi nilichubuka kiwiko na goti. Leonsia alitupwa upande wa pili, akaangukia tumbo.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Alilala amekunja magoti, kifurushi cha nguo za mtoto bado kimo mkononi, na kanga yake ya chini ikaanza kubadilika rangi...

Wakulima waliotoka Burundi, ambao walikuwa wakipalilia jirani, walikimbia kutusaidia. Walikata miti, wakatengeneza machela, wakambeba kwa kupokezana hadi hospitali. Mwanamke mmoja alitembea njia nzima pembeni ya machela amemshika mkono, akimwambia kwa Kirundi, "Ihangane, mama, ihangane," avumilie, avumilie. Mimi nilifuata nyuma. Nilikuwa nimebeba kifurushi.

Mtoto alikuwa wa kiume. Sista alimbatiza kwa maji ya kikombe. Aliishi kwa muda ambao mtu angesali Salamu Maria tatu, na ninalijua hilo kwa sababu nilikuwa nazisali. Ya tatu sikuimaliza.

Daktari alimwokoa Leonsia, lakini ilimbidi amtoe kizazi. Aliniambia haya taratibu, akinitazama usoni. Baada ya miaka tisa ya kungoja... basi.

Siku ya nne Maganga alikuja. Alikuwa amedandia lori, amejaa vumbi hadi kwenye nyusi, amebeba machungwa kwenye kikapu. Alisimama mlangoni mwa wodi na kofia mkononi. Leonsia alimwona kabla yangu.

"Shemeji," alimwambia kwa sauti ya mgonjwa, "gurudumu lile... si ulilikubali wewe?"

 Maganga alinitazama mimi.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kando ya kitanda. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sentensi moja ingetosha, na mimi ni mtu ambaye huwafundisha watoto kutunga sentensi! Niliangalia sakafu. Nilisikia mtu akikohoa kitanda cha mbali. Nilisikia kikapu cha machungwa kikiwekwa chini.

"Nililikubali, shemeji," Maganga akasema. "Nilikosea. Nisamehe."

Leonsia akageuza uso ukutani.

Nilimfuata Maganga nje. Nilitaka kumshukuru, sijui kwa maneno gani. Aliniwahi. "Mgonjwa hatiwi kidonda juu ya kidonda," alisema. "Akipata nguvu, utamwambia mwenyewe."

Nilimwahidi. Nilimshika mkono na kumwahidi!

Leonsia alipata nguvu. Tulirudi nyumbani. Wiki ya kwanza nilijiambia bado ni dhaifu. Wiki ya pili nilijiambia ameanza kulala vizuri, nisimvuruge. Baada ya hapo niliacha hata kujiambia. Hofu yangu ilikuwa moja, nayo niitaje bila kuipamba: niliogopa kwamba akijua ataniacha. Nilikuwa nimempoteza mtoto. Sikuwa tayari kumpoteza na yeye, nikaona afadhali mwingine alipe.

Naye mwingine akalipa. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Mpimbwe kumwuguza binti yake, na kila alipokwenda sokoni alisimama hatua chache kutoka kibanda cha Maganga akasema kwa sauti, "Huyo ndiye aliyekula jogoo akamuua mjukuu wangu." Watu waliokuwa wamecheka siku ya jogoo sasa walikumbuka kwamba walimwona akilamba asali. Wakasema alilewa zawadi, akatoa gurudumu bovu. Wa kwanza kuchukua baiskeli yake alikuwa jirani yake mwenyewe. Kisha wauza dagaa. Kisha karani wa ushirika. Kibanda ambacho zamani ulikuwa huwezi kupita kwa wingi wa baiskeli zilizopinduliwa, kikabaki na moja, na hiyo ilikuwa yake.

Mimi nilipita pale kila siku nikienda shule. Nilimtupia utani wa zamani: "Mpagazi, leo huna mzigo?" Alinijibu, "Habari za asubuhi, Mwalimu." Nilikuwa nikifika darasani sijui somo la siku hiyo ni lipi.

Miezi saba ilipita. Siku moja Leonsia alirudi kutoka sokoni, akatua kikapu, akasema kwamba Maganga amefunga kibanda, amepanda treni na familia yake, amerudi kwao. Akaongeza, "Mungu amemlipa."

Tulikuwa tunakula. Tonge lilikuwa mkononi mwangu. Nililirudisha kwenye sahani.

"Hakuikubali," nikasema.

"Nini?"

"Maganga hakulikubali gurudumu. Alilikataa mara tatu. Mimi nilikudanganya asubuhi ile, nikamwacha adanganye kwa ajili yangu hospitalini."

Nilitarajia kilio. Nilitarajia sahani zirushwe. Leonsia alinawa mkono taratibu, ingawa hakuwa amemaliza kula.

"Nilikuuliza," alisema mwishoni. "Miaka yote hii sijawahi kukuuliza kuhusu vyuma vyako. Siku ile nilikuuliza. Ungesema hajaikubali, ningefungua kanga yangu nikakaa chini."

Nilipiga magoti. Hakuniinua, wala hakunifukuza. Alisema mama yake amemtukana mtu asiye na kosa mbele ya soko zima, na kwamba yeye mwenyewe amemshukuru Mungu kwa kuangamia kwa mtu huyo. "Umenitia dhambini nikiwa sijui," alisema. Kesho yake alifunga nguo zake akaenda Mpimbwe. Neno la mwisho aliloniachia mlangoni lilikuwa kwamba nisimfuate huko kabla jina la Maganga halijasafishwa pale pale lilipochafuliwa.

Nilipanda treni. Nilimkuta Maganga katika kijiji kimoja nje ya Tabora, ameketi kwenye kigoda anaziba mpira wa baiskeli. Mkewe aliniona akaingia ndani.

Sikujua nianzeje. Nikaanza kwa njia tuliyoijua sote. "Mpagazi!" niliita kutoka mbali. "Umekimbia radi ya Mfipa?"

Aliinuka. Akafuta mikono yake kwenye kitambaa. "Shikamoo, Mwalimu," akasema.

Yeye, aliyenizidi umri! Yeye, ambaye tangu tujuane hakuwahi kunisalimia bila tusi! Alinipa kigoda chake, akaagiza niletewe maji ya kunywa, akaniuliza habari za safari, za shule, za mama mkwe, kila kitu kwa utaratibu, kama anavyopokelewa mgeni asiyejulikana. Nilijaribu tena kumtania. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza.

Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekipoteza. Ndugu akikukasirikia, bado ni ndugu. Lakini mtani akiacha kukutukana, ameshakuhesabu miongoni mwa watu baki.

Nilimwomba msamaha. Alisema amenisamehe tangu siku ya hospitali, vinginevyo asingesema alichosema. Nilimwomba arudi Mpanda.

"Nirudi kwa nani?" akaniuliza. "Mtu akiniona anaona lile gurudumu. Mimi ukweli naujua, Mwalimu, huna haja ya kuniambia. Waambie wao."

Nilirudi nikawaambia. Jumapili, baada ya misa, nilisimama nje ya kanisa. Jumatatu nilisimama sokoni Kashaulili mbele ya kibanda kilichofungwa. Nilieleza yote, kuanzia vitovu viwili hadi siku ya machungwa. Mnajua walichofanya? Walitikisa vichwa wakatabasamu! "Mwalimu ana moyo mzuri," walisema, "anambebea mtani wake." Mzee yule wa siku ya jogoo alinipiga begani akasema utani wa kweli ndio huo, mtu hata kwenye msiba hamwachi mtani wake. Kadiri nilivyosisitiza, ndivyo walivyozidi kunisifu. Mama mkwe wangu, niliyempelekea habari, alijibu kwamba najipaka tope ili nimfurahishe binti yake.

Kwa hiyo nimeandika. Watu wetu neno la mdomoni hulichukulia vyovyote, lakini lililochapwa huliamini. Basi na lichapwe: Maganga wa Kashaulili hakulikubali gurudumu lile. Alilikataa kwa mzaha, akalikataa kwa kulining'iniza, akalikataa kwa sauti ya chini mbele ya uso wangu. Kitovu kidogo nilikichagua mimi. Mteremko niliushuka mimi. Mtoto wangu nilimuua mimi kwa kiburi, na rafiki yangu nikamzika hai kwa woga.

Ninyi mnaofunga injini kwenye baiskeli, na najua sasa mko wengi, msiulize breki inaweza kusimamisha nini uwanjani. Ulizeni itasimamisha nini mwishoni mwa mteremko wa pili, ikiwa imeshapata moto, na aliyekaa nyuma yako ni nani. Kama rimu haijafika, subiri rimu. Hata kama ni siku nane. Hata kama umeshapima.

Na wewe uliyemwachia mwenzako abebe kosa lako, ukingoja siku itakayokuwa nyepesi zaidi ya leo... usingoje! Mimi niliingoja miezi saba. Kila siku ilikuwa nzito kuliko ya jana yake. Sema leo, kabla hujapoteza hata mtu wa kumwambia. Sentensi yenyewe ni fupi. Nimeipima.

Nimempelekea Leonsia barua kumjulisha kwamba maneno haya nimeyatuma kwenu. Bado hajajibu. Simlaumu.

Ombi langu la mwisho ni kwa msomaji aliye Mpanda. Pale sokoni wapo wengi waliomcheka Maganga na ambao hawajui kusoma. Ukimaliza ukurasa huu usiukunje. Wasomee.